Rikidōzan, bingwa aliyewaogopa mashabiki wake

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kutazama mashindano ya karate ya vijana hapa mjini. Si kwamba naijua karate, maana siijui. Mjukuu wa dadangu alikuwa akishindana na mamake aliniomba nimpeleke. Huyo wetu alitolewa mapema, akaja kuketi kando yangu na chupa yake ya maji, amenuna. Basi tukabaki kuwatazama wengine.

Kulikuwa na kijana mmoja wa mkanda wa kahawia, mwembamba, miguu mirefu. Kila alipopanda mkekani, ukumbi ulikuwa wake. Akina mama wakipiga vigelegele, mabarobaro wakigonga viti, na mzee mmoja mbele yangu alikuwa akirusha mguu wake mwenyewe kila kijana anaporusha teke, hata akampiga jirani yake muundini. Kufika fainali, mwenye kipaza sauti akasoma majina kamili ya washindani: la kwake, la babake na la babu. Yalikuwa majina ya bara.

Ndugu zangu, hakuna aliyezomea. Wallahi hakuna. Makofi yalipungua tu, kama mtu apunguzaye moto wa jiko. Yule mzee akamuuliza jirani yake kijana ni mtu wa wapi, akaambiwa amezaliwa hapa hapa na mamake ana meza yake ya viazi karai sokoni. Mzee akaitikia kwa kichwa, kisha akatulia na mguu wake haukuruka tena. Kijana akashinda, akapewa kikombe chake. Na mimi ninayewaandikia, mikono yangu pia ilikuwa imepoa. Niligundua hilo nikiwa nje, nikivaa kofia yangu, na likanikera njia nzima.

Limenikera kwa sababu nakumbuka nilivyokalishwa kwenye benchi la ofisi moja kutafuta kipande, nikaulizwa babu alizaliwa wapi na karatasi zake ziko wapi. Wengi wenu mwalijua benchi hilo. Na hapo ndipo nilipomkumbuka Rikidōzan.

Wengi wa rika langu tulilisikia jina hili kupitia kwa mwanafunzi wake, Antonio Inoki, Mjapani yule aliyepambana na Muhammad Ali mjini Tokyo mwaka 1976, akalala chini mizunguko karibu yote akimpiga Ali mateke ya miguu. Watu walicheka pambano lile. Mimi nilitaka kujua mtu kama Inoki alitoka katika mikono ya nani, na kwa kuuliza nikakutana na habari za mwalimu wake.

Alizaliwa mwaka 1924 upande wa kaskazini wa Korea, akaitwa Kim Sin-rak. Wakati huo Korea ilikuwa chini ya Japani, tangu mwaka 1910. Kwao kuna mieleka ya jadi iitwayo ssireum, ambapo washindani hushikana mishipi na kuangushana mchangani huku kijiji kizima kimezunguka. Aliyekulia Lamu haitaji kuelezwa. Ni kama kirumbizi: uondoe duara la watu, ngoma na zumari, utabaki na watu wawili wenye bakora wasiojua wafanye nini. Duara ndilo linalowapa mchezo. Katika duara kama hilo kijana Kim alionwa na Mjapani mmoja aliyekuwa akitafuta vijana wenye miili, akapelekwa Japani kufunzwa sumo. Alianza kucheza mwaka 1940, katika nyumba ya mafunzo ya Nishonoseki, na huko ndiko alikopewa jina la ulingoni, Rikidōzan.

Sumo si mchezo tu kwa Wajapani. Ina ibada zake, chumvi yake ya kurushwa, nywele zake za kufungwa kishungi, na watu huitazama kama sehemu ya nafsi ya taifa lao. Kila mchezaji hutangazwa pamoja na kwao. Jina likisomwa, mji husomwa nalo, na watu wa mji huo hujiona wao ndio wanaoingia ulingoni. Sasa fikirini kijana wa Korea, nchi iliyotawaliwa, ajitokeze mbele ya umma huo. Ikaonekana afadhali kwao kubadilishwe. Akawa mtu wa Omura, katika mkoa wa Nagasaki, na baadaye hata kwenye rejista ya serikali akaandikwa Momota Mitsuhiro, mzaliwa wa huko, na jina hili alilipata kwa ile familia iliyomleta.

Alipanda. Mwaka 1949 alifikia cheo cha sekiwake, ambacho ni cha tatu kutoka juu. Mwaka uliofuata akashika kisu, akakikata kishungi chake kwa mkono wake mwenyewe na kuiacha sumo. Sababu hutajwa nyingi: maradhi ya mapafu, ugomvi na mwalimu wake, fedha. Wako wanaoamini kwamba aliona asili yake imemzibia njia ya kwenda juu zaidi. Mimi naona mtu haukati ujana wake wa miaka kumi kwa kisu kwa sababu moja tu.

Kwa muda alifanya kazi katika ujenzi. Kisha mwaka 1951 wakaja Wamarekani na maonyesho ya mieleka ya kulipwa, akajaribu, akaona huu ndio mlango wake. Akaenda Hawaii na Marekani kujifunza, akarudi mwaka 1953 na kuanzisha chama cha mieleka hiyo nchini Japani.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya vijana watakaoniandikia kunisahihisha. Naam, mieleka ya kulipwa matokeo yake hupangwa. Anayeanguka amekubali kuanguka. Lakini uchungu wa kuanguka haupangwi, wala machozi ya aliyeketi kiti cha nyuma. Na habari yangu ni ya huyo wa kiti cha nyuma.

Tarehe 19 Februari 1954, katika ukumbi wa Kuramae mjini Tokyo, Rikidōzan aliingia ulingoni na mwenzake Kimura Masahiko, bingwa mkubwa wa judo, kupambana na ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe. Ndugu hawa walikuwa watu wa Kanada, lakini watazamaji waliwaona ni Wamarekani, na hilo lilitosha. Japani ilishindwa vita mwaka 1945, ikakaliwa na majeshi yaliyoongozwa na Marekani hadi 1952. Karibu kila mwanamume aliyekuwa akitazama alikuwa amewahi kumwinamia mzungu mwenye sare. Sasa mbele yake wako wazungu wawili, warefu, na mmoja anamkanyaga Kimura.

Televisheni ilikuwa mpya nchini, haijatimiza hata miaka miwili, na mtu wa kawaida hakuweza kuinunua. Kwa hiyo kampuni ya matangazo ilikuwa imeziweka za kutazamwa bure katika viwanja na mbele ya stesheni za reli. Watu walijaa kwa maelfu, kama pale stesheni ya Shinbashi, wamesimama kwa baridi ya Februari, wamenyosha shingo kutazama kisanduku kimoja. Sisi tuliotazama mpira tukiwa tumening'inia dirisha la jirani tunaujua ukaribu ule, wa bega la usiyemjua kugeuka bega la ndugu.

Mchezo ulikwenda hivi. Kimura anapigwa, anaburutwa, watu wanaugua. Kisha Rikidōzan anaguswa mkono, anaruka kamba, anaingia na silaha yake moja, pigo la upande wa kiganja kama la karate, kifuani kwa mzungu, tena na tena, mpaka jitu linayumba. Umati ukalipuka. Watu wasiojuana walikumbatiana barabarani, wakalia. Pambano lile la kwanza liliisha sare, na hakuna aliyejali. Kesho yake nchi nzima ilikuwa na shujaa, na shujaa huyo, kwa macho yao, alikuwa Japani yenyewe iliyosimama tena.

Aliyekuwa pale ulingoni, kama tulivyoona, alikuwa Mkorea.

Hapo ndipo ubaya wa jambo hili unaponishika. Wakorea takriban laki sita walikuwa wakiishi Japani miaka ile. Mwaka 1952 walivuliwa uraia wa Kijapani wote kwa mpigo, hata waliozaliwa huko, wakatakiwa kutembea na vitambulisho vya wageni. Kazi nzuri hawapati, nyumba hawapangishwi. Watu walewale waliolia kwa ajili ya Rikidōzan pale Shinbashi, wengi wao wasingempangishia chumba Kim Sin-rak. Naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila makofi yalipozidi, ndivyo siri ilivyozidi kuwa nzito, maana sasa haikuwa siri ya mtu mmoja. Ilikuwa ni furaha ya taifa zima, na ukiivunja hujui watakufanya nini.

Hofu ya namna hiyo haimwachi mtu na tabia nzuri. Sitaki kumpamba. Alikuwa mkali kwa wanafunzi wake, aliwapiga, alikunywa sana na kugombana kwenye mabaa, na walioendesha mieleka naye walikuwa karibu na magenge ya yakuza. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1954, Kimura, aliyechoka kuwa wa kupigwa ili mwenzake aje kumwokoa, alitaka wapambane wawili. Walikutana tarehe 22 Desemba palepale Kuramae. Kimura alisimulia baadaye kwamba walikuwa wamekubaliana kutoka sare. Rikidōzan alidai Kimura alimpiga teke sehemu za siri. Lililoonekana ni Rikidōzan kubadilika ghafla, kumshambulia mwenzake kwa mapigo ya kweli kichwani na shingoni mpaka akalala kwenye damu yake, pambano likasimamishwa. Kimura huyo ndiye aliyemshinda Hélio Gracie kule Rio de Janeiro mwaka 1951, mbele ya uwanja wa Maracanã uliojaa Wabrazili waliokuwa wakimshangilia mtu wao. Alitoka salama mbele ya umati wa ugenini, akaja kuangushwa kwao.

Na umati wa Kuramae? Ulimkubali mshindi. Ndivyo ulivyo umati.

Baada ya hapo hakuwa na mpinzani. Mwaka 1957 alicheza saa nzima na bingwa wa dunia, Lou Thesz wa Marekani, wakatoka sare, na hesabu za wakati ule zinasema asilimia 87 ya waliokuwa na televisheni walilitazama pambano. Mwaka uliofuata akamshinda Thesz huyo huko Los Angeles na kurudi na mkanda. Akajenga majumba, akawa tajiri, akaendesha magari makubwa. Mwaka 1962, katika mapambano na Freddie Blassie, Mmarekani aliyekuwa aking'ata watu kwa meno mpaka damu inachuruzika, magazeti ya Japani yaliripoti wazee waliokufa kwa mshtuko wakiwa mbele ya televisheni zao. Mtu anakufa kwake sebuleni kwa kumwonea uchungu asiyemjua hata jina lake la kweli.

Kuna kisa kimoja ambacho kwangu kinazidi mikanda yote. Alikisimulia Harimoto Isao, mchezaji mashuhuri wa besiboli, aliyezaliwa Hiroshima kwa wazazi Wakorea na ambaye hakuificha asili yake. Anasema siku moja akiwa nyumbani kwa Rikidōzan, mwenyeji wake alijifungia chumbani, akafungua redio kwa sauti ya chini na kusikiliza nyimbo za Korea, uso umemchangamka kama mtoto. Kijana akamuuliza kwa nini asiwaambie watu tu kwamba yeye ni Mkorea. Rikidōzan akawaka hasira, akamkaripia kwamba hajui alilopitia mtu wa rika lake. Fikiria: jitu linaloangusha wazungu, nchi nzima iko nyuma yake, na ndani ya nyumba aliyoijenga kwa fedha zake anapunguza sauti ya redio ili mtumishi asisikie.

Si kwamba alikuwa amewasahau wenziwe. Kim Il, mwanamieleka kutoka Korea Kusini, aliingia Japani kwa njia za panya kwa sababu tu alitaka kufunzwa naye. Alikamatwa, na Rikidōzan akamsaidia kutoka na kumchukua mwanafunzi. Alimpa jina la Kijapani, Ohki Kintaro. Alimpa alichopewa yeye, kwa uzuri wake na ubaya wake.

Januari 1963 alikwenda Korea Kusini kwa mwaliko, akapokewa kwa heshima kubwa. Husimuliwa kwamba alipelekwa mpakani Panmunjom, na kwenye baridi ile ya Januari akavua koti na shati, akasimama kifua wazi akielekea kaskazini, upande kijiji chao kiliko, na kuwaita ndugu zake kwa sauti yote. Hapakuwa na wa kumshangilia. Aliporudi na gazeti moja la Tokyo likagusia kwamba amezuru kwao, alikasirika sana. Yalikuwa yamebaki miezi kumi na moja.

Usiku wa tarehe 8 Desemba 1963, katika klabu ya New Latin Quarter mtaa wa Akasaka, aligombana na kijana mmoja wa genge, kwa jambo dogo la kukanyagana au kusukumana karibu na msalani. Akachomwa kisu tumboni. Hakulitia uzito mwanzoni. Baadaye alipasuliwa, ikaonekana atapona, kisha tumbo likaharibika, akapasuliwa tena, na tarehe 15 Desemba akafa. Alikuwa na miaka 39, na alikuwa ameoa mwaka huohuo. Maziko yake yalijaza watu katika hekalu la Ikegami Honmonji, na pale ndipo kaburi lake lilipo na sanamu yake ya kifua, mikono ameikunja. Waliomlilia walimlilia mtu wa Nagasaki.

Ilipita miaka mingi, karibu ishirini, ndipo asili yake ikaandikwa wazi na kusomwa na umma wa Japani. Mnajua nini kilitokea? Hakuna. Mbingu haikuanguka. Wazee waliosimama Shinbashi hawakwenda kurudisha machozi yao. Korea Kaskazini nayo ikamtangaza kuwa shujaa wake, na mwaka 1995 Inoki alikwenda kupigana mieleka Pyongyang, katika nchi ya mwalimu wake, uwanja umejaa zaidi ya watu laki moja kila siku kwa siku mbili.

Kwa hiyo huenda hofu yake yote ilikuwa bure? Nimelifikiria hilo na silikubali. Watu walimsamehe maiti. Kumsamehe aliye hai, mwaka 1954, kwenye kipaza sauti, mbele ya ukumbi, ni jambo jingine, na yeye hakuwa na namna ya kulijaribu ila kwa kuhatarisha kila alichonacho. Sisi tulijaribiwa juzi kwa jambo dogo mno, kikombe cha bati na kijana wa mkanda wa kahawia, na mnajua tulivyofanya.

Tukiwa kwenye tuktuk kurudi nyumbani nilimuuliza yule mjukuu wa dadangu kama anamjua kijana aliyeshinda. Akasema anamjua, hufanya mazoezi pamoja, na kwamba teke lake la kushoto halionekani likija. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu, akataja mtaa. Ni mtaa wa pili kutoka kwangu.

Mwezi ujao wanashindana tena. Nimeshamwambia mamake nitampeleka mwenyewe.